Ukumbi wa mapumziko kwenye uwanja wa ndege: tunalipia kitu gani hasa?

#1 Msafiri wa Tegeta

Habari za leo, wanajamvi. Naomba maoni ya wenye uzoefu, hasa wanaosafiri mara kwa mara kutoka Dar es Salaam kwenda nje.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, kwenda India kutibiwa nyonga. Safari ilikuwa na kituo kimoja cha kuunganisha ndege, na tulitakiwa kusubiri kwa saa saba, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa kuwa nilijua hawezi kukaa muda mrefu kwenye viti vya chuma vya langoni, nililipia ukumbi wa mapumziko, au launji kama wengi tunavyoita, dola 45 kwa kila mmoja wetu. Tulipoingia tulikuta viti vyote vina watu. Vilivyobaki vilikuwa vile virefu visivyo na egemeo, vilivyopangwa kwenye kaunta ya kahawa. Mama alikaa hapo dakika 40, miguu ikining'inia, mpaka kijana mmoja alipoinuka na kumpisha. Chakula kilikuwa sambusa zilizopoa, mayai ya kuchemsha, na wali uliokauka kingoni mwa sinia. Mlango wa bafu ulibandikwa karatasi iliyosema kwamba halitumiki. Zaidi ya hayo, ndege yetu ilibadilishiwa lango na ndani ya ukumbi halikutangazwa lolote. Nilijua kwa sababu nilitoka mwenyewe kwenda kuangalia ubao.

Sitafuti kurudishiwa fedha. Nataka kujua msafiri anayelipia ukumbi huu ana haki ya kutarajia nini, na kama nilikosea kudhani kwamba mzee angepata mahali pa kunyoosha mgongo. Uwanja na kampuni sitavitaja, kwa sababu nimesikia malalamiko kama haya kuhusu viwanja vingi.

#2 Binti Kurasini

Pole sana, kaka, na mama apate nafuu. Ulilipa mlangoni, ulilipa kwa mtandao kabla ya safari, au ulitumia kadi ya benki? Nauliza kwa sababu nimeona watu wakizuiwa mlangoni kwa kuwa kumejaa, huku wengine wenye karatasi ya aina nyingine wakipitishwa.

#3 Mzee wa Upanga

Mwanangu, pole kwa yaliyomkuta mama. Nijuavyo mimi, kumbi hizi zilianzia Ireland, katika uwanja wa Shannon, baada ya vita, kwa ajili ya abiria waliokuwa wakivuka Atlantiki. Kilichotafutwa tangu mwanzo kilikuwa utulivu, na chakula kilikuja baadaye kama nyongeza. Nilipoanza kusafiri kikazi katikati ya miaka ya 1980, wakati Jengo la Pili la uwanja wa hapa kwetu Dar es Salaam lilikuwa bado jipya, mtu aliyeingia katika ukumbi wa namna hii alipata kiti, gazeti na kikombe cha chai, naye aliridhika.

Nina neno kuhusu tangazo ulilolikosa. Kutotangaza ndege ndani ya ukumbi kulihesabiwa kuwa sehemu ya huduma, kwa sababu kazi ya kumwita abiria ilikuwa ya mhudumu wa mapokezi, ambaye alikufuata kitini, akainama na kukuambia kwa sauti ya chini kwamba ndege yako iko tayari. Siku hizi kimya kimebaki, lakini mhudumu ameondolewa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko sambusa.

#4 Karani Mstaafu

Shikamoo, mzee wangu. Naomba kusahihisha jambo moja. Kilichoanzia Shannon, mwaka 1947, ni duka lisilotozwa ushuru. Ukumbi wa shirika la ndege ulitangulia: American Airlines walifungua wao katika uwanja wa LaGuardia, New York, mwaka 1939, wakauita Admirals Club, na aliyeingia aliingia kwa mwaliko. Uanachama wa kulipia ulikuja miaka mingi baadaye.

Nataja hili kwa sababu linagusa swali la mleta mada. Kilichoanzishwa kilikuwa chumba cha heshima, mahali ambapo shirika lilimwonyesha mtu kwamba linamthamini. Sasa heshima hiyo inauzwa mlangoni kwa yeyote mwenye dola, na sijui kama heshima ikishauzwa kwa kichwa inaweza kubaki heshima.

#5 Mzee wa Upanga

Marahaba. Nimekubali kuhusu Shannon, nilichanganya. Kuhusu mhudumu sijabadilisha neno.

#6 Mpishi wa Ilala

Nilifanya kazi miaka minne katika jiko lililokuwa likipeleka chakula kwenye ukumbi wa aina hii. Naomba nieleze yanayotokea upande wa pili wa sinia, kwa sababu mleta mada ametaja mayai ya kuchemsha na wali uliokauka, na mimi nimeandaa vyote viwili kwa mikono yangu.

Mgeni anapopitisha kadi, mwenye ukumbi halipwi bei iliyoandikwa mlangoni. Hulipwa kiasi alichokubaliana na kampuni ya kadi au na shirika la ndege, na kiasi hicho huwa ni pungufu. Humo analipa pango la uwanja, umeme, intaneti, usafi na wahudumu wa zamu zote, kisha kinachosalia ndicho kinachofika jikoni. Mpishi hupewa kiasi kwa kila kichwa, naye hutafuta chakula chenye sifa mbili: kinachoshibisha na kinachovumilia. Chakula cha moto kinatakiwa kikae kwenye nyuzi 60 au zaidi, kwa hiyo tunakiweka juu ya maji ya moto, na hapo ndipo kila chakula kinapoonyesha tabia yake. Mchuzi wa kuku hauharibiki haraka. Wali hukauka pembeni baada ya saa moja hivi. Chapati huwa ngumu kama ngozi. Samaki hujaza ukumbi mzima harufu. Yai la kuchemsha huvumilia kuliko vyote, ndiyo maana utalikuta karibu kila uwanja utakaokwenda.

Jambo la pili ni idadi. Shirika la ndege linaweza kutuambia siku moja kabla kwamba abiria wake wa daraja la biashara ni kadhaa, lakini wenye kadi hawatoi taarifa kwa mtu yeyote. Usiku mmoja tuliandaa chakula cha watu 60, wakaja zaidi ya 140 ndani ya saa mbili. Kuongeza chakula si suala la kuvuka ukuta tu, kwa sababu toroli lazima lipite kwenye ukaguzi wa usalama kama mzigo mwingine wowote unaoingia upande wa abiria waliokwisha kukaguliwa. Toroli la pili lilipofika, wengi wa wale wageni walikuwa wameshaitwa kwenye ndege, na sisi ndio tuliokitupa chakula kile. Kutupa kilo nyingi za wali saa nane usiku ni jambo linalomuumiza mpishi yeyote.

Kwa maoni yangu, basi, kosa liko kwenye kadi. Zimegawiwa kwa watu wengi kuliko viti vilivyopo.

#7 Mfanyabiashara wa Kariakoo

Mpishi, nashukuru kwa maelezo, lakini hitimisho lako silikubali. Mimi naenda Guangzhou mara mbili au tatu kwa mwaka, nakaa daraja la kawaida, na ninaingia launji kwa kadi ya benki. Kadi hiyo sikuiokota. Benki inanikata ada yake kila mwaka. Priority Pass, mpango wa kadi za kuingilia kumbi hizi, imekuwepo tangu mwaka 1992, kwa hiyo si mgeni aliyevamia jana. Kama kampuni imekubali kuniuzia nafasi, nami nimeilipa, mimi ni mteja halali sawa na yule wa daraja la biashara. Anayeuza nafasi 140 akijua ana viti 60 ndiye anayepaswa kuulizwa.

Tena, mtu aliyezunguka masokoni siku tisa akihesabu bidhaa anahitaji kuoga kabla ya kuanza safari ya kurudi Dar es Salaam. Kwangu bafu ni muhimu kuliko chakula chote, na nimeshakuta mabafu yamefungwa katika viwanja vitatu tofauti. Sijui mabafu haya yanaharibikaje yote kwa pamoja.

#8 Mama Mapacha

Naungana na mleta mada kuhusu mahali pa kujilaza, na naongeza jambo ambalo sidhani kama akina baba wangelitaja.

Nilisafiri na watoto wangu wawili walipokuwa na miezi mitano. Tulilipia ukumbi kwa sababu nilihitaji kona ya kunyonyeshea na sehemu ya kubadilisha nepi. Hapakuwa na lolote kati ya hayo mawili. Nilinyonyesha chooni, nimekalia mfuniko, mtoto mmoja kifuani na mwingine mikononi mwa dada asiyenifahamu, ambaye alisimama nami zaidi ya nusu saa. Mungu ambariki popote alipo. Nilipotoka kuelekea langoni, nikapita mbele ya chumba cha akina mama, kisafi, chenye kiti cha kuegemea na maji ya moto, kilichowekwa kwa ajili ya abiria wote bila malipo. Kilikuwa mwendo wa dakika mbili kutoka pale nilipokuwa nimelipia.

Tangu siku ile, kabla ya kulipa chochote, nauliza kwanza uwanja wenyewe una nini cha bure.

#9 Kijana wa Sinza

Mfanyabiashara, suluhisho lako ni kadi ya dhahabu ya shirika la ndege, ile wanayopewa wanaosafiri nalo mara nyingi. Ukiwa nayo unaingia kumbi zote za muungano wao, wakati wowote, na hakuna wa kukurudisha.

#10 Karani Mstaafu

Si wakati wowote, mdogo wangu. Kwa Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege ambao Ethiopian Airlines ni mwanachama wake tangu mwaka 2011, mwenye hadhi ya dhahabu lazima awe na pasi ya kupandia ndege ya shirika mwanachama kwa siku hiyohiyo, na mgeni mmoja anayeruhusiwa kumwingiza naye lazima awe anasafiri. Siku ukipanda ndege ya shirika lisilo la muungano huo, kadi yako haifungui mlango.

Na wanaodhani kwamba daraja la biashara linamaliza tatizo wasome tiketi zao vizuri. Tangu mwaka 2019 baadhi ya mashirika makubwa ya Ghuba yameanza kuuza tiketi za bei nafuu za daraja hilo ambazo haziambatani na ukumbi. Mtu analala kwenye kitanda angani, lakini chini anasubiri langoni.

#11 Fundi wa Kipawa

Nimesoma kuanzia juu. Mpishi analaumu kadi, Mfanyabiashara analaumu muuzaji, lakini naona hamjagusa ratiba za ndege, ambazo kwangu ndizo chanzo.

Chukueni mfano wa hapa nyumbani. Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2018, lilijengwa kwa uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Ukigawanya unapata zaidi ya abiria 16,000 kwa siku, na mtu anaweza kudhani wanaingia kwa mtiririko kama maji ya bomba. Hali haiko hivyo. Ndege za masafa marefu hujikusanya katika saa fulani, na katikati kunakuwa na utulivu ambapo unaweza kufagia ukumbi mzima bila kumwomba mtu ainue mguu. Katika viwanja vikubwa vya kuunganishia, jambo hili hufanywa kwa makusudi: shirika linapanga ndege zifike kwa kundi na kuondoka kwa kundi, ili abiria wa Dar es Salaam, wa Lusaka na wa Entebbe wote wawahi ndege moja ya kwenda Mumbai. Mipango hiyo ndiyo inayofanya tiketi yako ipatikane, na hiyohiyo ndiyo inayojaza ukumbi saa sita usiku na kuuacha mtupu saa sita mchana.

Mwenye ukumbi analipia eneo kwa mita za mraba, usiku na mchana. Akichukua eneo la kutosha kwa saa za msongamano, analipia nafasi tupu kwa sehemu kubwa ya siku. Akichukua la wastani, mama wa mleta mada anakalia kiti cha kaunta. Na viti vile virefu havikuwekwa kwa urembo, kwani palipokaa kiti kimoja cha kochi unaweza kupanga vitatu vya namna ile.

#12 Binti Kurasini

Fundi, Jengo la Tatu lilianza kazi Agosti 2019, si 2018. Mengine yote uliyoeleza nimeyaelewa, na nashukuru.

#13 Ustaadh wa Mbagala

Assalaam alaykum. Kila mmoja ana kipimo chake, na mimi kipimo changu ni maji. Safari nyingi za kuunganisha zinaangukia wakati wa Alfajiri, na msafiri anahitaji mahali pa kutawadhia. Katika kumbi nyingi mtu analazimika kuinua mguu kwenye sinki la kunawia mikono, maji yanamwagika sakafuni, na wasiofahamu wanamtazama vibaya. Bomba moja la chini na benchi dogo vingetosha. Viwanja vya Ghuba na Istanbul wanalijali hilo, na sehemu zao za kuswalia ziko wazi kwa abiria wote. Kwingineko nimeambiwa niulize mapokezi, na mapokezi hawakujua.

#14 Msafiri wa Tegeta

Ahsanteni nyote. Binti Kurasini, nililipa kwa mtandao wiki mbili kabla, na kwenye risiti kuna sentensi isemayo kwamba kuingia kunategemea nafasi. Niliiona baadaye. Kuhusu alichosema Ustaadh, mama alitawadha kwa chupa ya maji.

Fundi, maelezo yako yananifanya niwaelewe wenye ukumbi, lakini hayanipi jibu. Kama walijua kwamba saa zile kunajaa, kwa nini waliniuzia?

#15 Mwanasheria wa Magomeni

Naomba nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ndege inapochelewa, ziko nchi ambazo sheria inalibana shirika. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, kwa mfano, inalitaka shirika kumpa abiria chakula na vinywaji baada ya kusubiri kwa saa mbili au zaidi kulingana na urefu wa safari, na hoteli pale inapolazimu kulala. Inahusu ndege zinazoondoka Ulaya, na zile za mashirika ya Ulaya zinazokwenda huko. Hapa Tanzania, malalamiko dhidi ya mashirika ya ndege yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma hizo.

Ukumbi wa kulipia ni jambo jingine kabisa. Mleta mada hakucheleweshwa. Alikuwa katika muda wa kusubiri uliopangwa, na alinunua huduma kwa mkataba wa kawaida. Sentensi ile ya kutegemea nafasi inazungumzia kuingia. Inampa muuzaji ruhusa ya kukuzuia mlangoni kama kumejaa. Ukishapokelewa na risiti yako ikapitishwa, naona ni vigumu kwake kusema kwamba kiti hakikuwa sehemu ya kile ulichonunua. Wenzangu wa sheria wanaweza kutofautiana nami.

#16 Mpishi wa Ilala

Mfanyabiashara, nimerudia kusoma ulichoandika. Sikusema kwamba wewe hustahili kuingia. Nilisema kiasi anacholipwa mwenye ukumbi kwa ajili yako hakitoshi chakula unachokitarajia, na hilo bado nalishikilia. Kuhusu mabafu, mara nyingi bafu si bovu. Linahitaji mtu wa kulisafisha na kubadilisha taulo kila anapotoka mgeni, na anapokosekana mtu huyo kwenye zamu, ni rahisi zaidi kubandika karatasi mlangoni.

#17 Mfanyabiashara wa Kariakoo

Kwa hiyo karatasi ile haisemi kweli. Hapo umenihuzunisha zaidi, ingawa nashukuru kwa kunieleza bila kuficha.

#18 Mama Mapacha

Msafiri, kwa kusubiri saa saba na mgonjwa, mngefikiria hoteli iliyo ndani ya eneo la abiria, ambayo haihitaji kupita uhamiaji. Istanbul ipo, Doha ipo, na vyumba hulipiwa hata kwa saa chache. Bei inazidi dola 90 mlizotoa wawili, lakini ni kitanda na mlango unaofungwa. Pia omba msaada wa kiti cha magurudumu angalau saa 48 kabla, kupitia shirika lenyewe, kwani ni bure na mhudumu wake ndiye atakayewafikisha langoni hata likibadilishwa.

#19 Mzee wa Upanga

Huyo mhudumu wa kiti cha magurudumu ndiye niliyekuwa nikimtafuta tangu mwanzo. Kumbe bado yupo, ila amehamia nje ya ukumbi.

#20 Fundi wa Kipawa

Nakubaliana na ushauri wa hoteli, lakini kumbukeni kwamba nazo zina vyumba vichache na hujaa katika saa zilezile za msongamano. Weka nafasi mapema.

#21 Msafiri wa Tegeta

Jana jioni nilimsomea mama majibu yenu, kisha nikamuuliza yeye angetaka nini ndani ya ukumbi ule. Nilidhani atasema kitanda. Amesema alitaka kiti chenye mikono, ili aweze kujisukuma na kuinuka mwenyewe bila kunisubiri, na kisiwe mbali na choo. Chakula hakukitaja kabisa. Sambusa alizifunga kwenye karatasi akanipa nile mimi.

Kliniki yake ya marejeo ni mwezi Septemba, kwa njia ileile na saa zilezile. Wiki hii nitaandikia hoteli ya ndani na shirika la ndege, na nitaleta hapa bei na majibu watakayonipa.